Dole Gumba la Nesi Tusekile

Kila asubuhi, kabla hajamgusa mgonjwa, nesi Tusekile hukumbatia kikombe cha chai mpaka dole gumba lake lipate joto. Asubuhi za Mbozi ni za baridi, na mtu aliyekesha akitafuta pumzi hapendi kushtuliwa na mkono wa baridi. Kisha hubonyeza muundi, juu kidogo ya kifundo cha mguu, huachia, na kutazama. Shimo linaloachwa na dole likijaa upesi, huenda kitanda kinachofuata. Likibaki, husimama.

Kwa mzee Ezron alikuwa anasimama.

"Sista, unanibonyeza kama parachichi la sokoni," mzee alimwambia. "Nimeiva?"

"Bado, baba. Ukiiva nitakuuza Tunduma."

Mzee alicheka, kicheko kikageuka kikohozi. Tusekile akamwinua na kumwongezea mto mgongoni. Mimi nilikuwa kitanda cha jirani, namuuguza baba mdogo, na nilimwona anavyokaa pale mpaka pumzi ya mzee ikatulia.

Ezron analima kahawa Igamba. Tangu mavuno alikuwa analazwa, anaruhusiwa, anarudishwa. Vidonge vya kutoa maji vinampunguza uvimbe, anaondoka anatembea mwenyewe, kisha wanamleta tena miguu imejaa, hawezi kulala ila ameketi. Kila alipotoka, Tusekile alimfundisha mkewe, Restuta, upya: dawa kwa wakati, maji kwa kipimo, chumvi hapana.

Siku ile Damiano, mdogo wake Ezron, alikuja na maneno yake.

"Shemeji, sema tu. Unamtilia chumvi."

"Paketi nilimpa jirani, shemeji. Nyumbani hakuna chumvi. Hata mimi sili."

"Basi miguu inajazwa na upepo? Akitoka hapa anakuja kwangu Ihanda. Mke wangu atampikia."

Restuta aliendelea kufungua hotipoti ya chakula cha mchana. Ezron alifumba macho. Pumzi ya kumtetea mkewe hakuwa nayo.

"Baba, utusubiri nje kidogo," Tusekile alimwambia Damiano. Alipotoka, nesi akachukua kijiko akaonja maharage. Yalikuwa laini mno. Akaonja tena, taratibu.

"Mama, umeyaivisha kwa kitu gani haya?"

"Kwa magadi, kama siku zote. Maharage ya mwaka jana ni magumu. Tena tangu uzuie chumvi anayasukuma pembeni, basi naongeza bonge kidogo, angalau ale."

Tusekile aliweka kijiko chini. Magadi yana kile kile kilichomo ndani ya chumvi, kile kinachoyashika maji mwilini yasitoke. Alilijua hilo tangu chuoni, aliniambia baadaye. Lakini yeye naye amezaliwa Ihanda. Amekula maharage ya magadi tangu apate meno, na bonge lipo jikoni kwake hadi leo. Kwa watu wa huku chumvi ni chumvi, na magadi ni ya kulainishia. Ukimwambia mtu aache chumvi, mkono wake hauendi kwenye magadi. Mawazo ya nesi pia hayakuwa yamekwenda huko.

Akamweleza Restuta kwa sauti ya chini. Restuta alisikiliza mpaka mwisho, halafu akaketi sakafuni.

"Kumbe ni mimi ninayemzamisha," alisema.

Ezron alitoa mkono chini ya blanketi, akapapasa nao mpaka ukafika kwenye kitambaa cha kichwa cha mkewe. Ukabaki hapo.

Nilikuwa naenda kuchota maji ya moto, nikamkuta Tusekile kwenye korido, amefumbata dole gumba ndani ya ngumi. Nje, Damiano alikuwa kwenye simu, anaagiza kitanda kitandikwe Ihanda. Nesi angemwambia tu kwamba ni magadi, Damiano angemalizia mwenyewe kwamba kosa ni la shemeji yake, na Restuta angerudi Igamba peke yake.

Nilimuuliza atamwambia nini.

"Kwamba chumvi niliikataza," alisema, "magadi sikuyakataza."