Kitambaa cha Mama Juu ya Seva

Mume wangu Aboubakar ni fundi cherehani hapa Ruashi, na tangu mvua za kwanza amenichosha na kompyuta kuukuu yenye skrini iliyopasuka. Anaiita seva. Apendaye chongo huita kengeza.

Kusema haki, alianza kwa ajili yangu. Mimi hununua nyanya Zambia na kuzipitisha mpakani Sakania. Safari moja niliamini uvumi wa WhatsApp kwamba mpaka uko wazi. Ulikuwa umefungwa, nyanya zikaoza upande wa pili na mtaji ukaenda nazo. Aboubakar akaapa kwamba sitaondoka tena bila habari ya kweli. Seva yake ingezipitia tovuti za redio na magazeti, ikusanye habari zote kwenye ukurasa mmoja niusome kwenye simu. Nilimuuliza kwa nini asitumie huduma ya watu, iliyo tayari.

"Ya bantu banaifungaka siku banapenda," akajibu. "Hii itakuwa yetu."

Yetu, haya. Lakini kila alipoiwasha, ilifanya kazi kidogo ikazimika. Alibadilisha waya, akafuta kila kitu akaanza upya, suruali za wateja zikilala bila pindo. Nilikasirika hadi nikachoka kusema.

Asubuhi ya safari, ukurasa ulisema mpaka uko wazi. Nilikuwa nimeshaketi garini Aboubakar alipofika mbio, kandambili moja mkononi.

"Shuka, mama Kiki. Mupaka balifunga jana mangaribi."

"Page njo inasema iko wazi."

"Ile ni ya jana. Machine ilikufa tena. Niliamusha sasa, njo niliona."

Nilishuka na mtaji wangu kiunoni, nikitamani kumpiga mtu. Nyumbani tuliikuta seva imefunikwa gubigubi kwa kitambaa cha maua alichofuma mama mkwe wangu, tunayeishi naye. Niliigusa, ikanichoma. Kwetu kila kitu kimefunikwa, redio, friji, hata mtungi wa maji. Kila siku tulikiondoa kitambaa kile na kukirudisha bila kukiona, na mashine ikikosa hewa.

"Kitu ya bei haifae kukaa buchi mbele ya bageni," mama akasema.

Aboubakar alichukua mkasi akakata dirisha katikati ya maua, mahali pa feni. Niliogopa, maana kitambaa hicho mama alitufumia kwa harusi yetu. Yeye alimtazama mwanawe hadi akamaliza.

"Ulikata mubaya," akasema. "Leta, nitashona."

Siku hizi nikisafiri, mama huamka kabla yangu. Hutia kiganja kwenye tundu lile alilolizungushia uzi mwekundu, akangoja upepo, kisha hunifungulia mlango.

"Iko napumua," husema. "Enda, mama."