Kaltumi na Uwanja wa Marehemu Kartumi

"Mama Lailah, pole sana," alisema Yasiin, akiingia dukani huku anafuta grisi mikononi kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono yenyewe.

"Pole ya nini?"

"Umekufa."

Kaltumi alikuwa ameshika springi ya gari, anamweleza mteja kwa nini springi ya mbele haifungwi nyuma hata watu wafunge na kuomba. Akaiweka chini taratibu. Yasiin, fundi wa gereji ya jirani, hakuwa mtu wa mizaha kabla ya chakula cha mchana, kwa hiyo Kaltumi alivaa miwani yake ya kusomea na kuichukua simu aliyokuwa akionyeshwa.

Ilikuwa picha ya kibao kipya kilichoegemezwa ukutani, rangi bado mbichi. UWANJA WA MAREHEMU KARTUMI, MRUSHA MKUKI. Chini ya maandishi hayo walikuwa wamebandika picha ya zamani ya gazeti: msichana mwembamba, mkono nyuma, mdomo wazi, mkuki juu ya bega.

"Mimi nimekujua kwa masikio," alisema Yasiin. "Masikio hayazeeki."

Kaltumi alitazama ile picha kwa muda. Aliyakumbuka yale masikio, na ile bukta aliyoazima kwa mwenzake. Halafu akasema jambo la kwanza lililomchoma:

"Wameandika Kartumi. Na R!"

Huko Kisenyi, Kaltumi alijulikana kwa springi. Kwa zaidi ya miaka thelathini alikuwa ameziuza, na dereva akisimama tu mlangoni na kueleza gari lake linavyolia, yeye alikwisha kujua kilichovunjika. Lakini hakuna hata mmoja katika mtaa ule aliyejua kwamba aliwahi kurusha mkuki. Alizaliwa kwenye kambi ya polisi kule Naguru, binti wa sajenti wa Kinubi, na alipokuwa na miaka ishirini na mmoja alirusha mkuki kwenye kiwanja kilichopo chini ya kilima, upande wa Bukoto, akachaguliwa kwenda Nairobi, akarudi na medali ya fedha. Mwaka uliofuata ukaja msukosuko, familia za kambini zikatawanyika kila moja na njia yake, yeye akaolewa, akazaa, akafungua duka. Ile medali bintiye Lailah aliitafuna wakati meno yake ya kwanza yanaota, na baada ya hapo haikuonekana tena.

Jioni ile alimpigia simu Lailah, anayefanya kazi katika duka la dawa huko huko Bukoto. Lailah alikasirika mpaka sauti ikakwaruza.

"Mama, kesho nawaendea hao wanakamati wa uwanja niwaambie uko hai!"

"Thubutu! Mkutano wao ni lini?"

"Jumamosi, saa tisa. Watasoma wasifu wako kabla ya kupitisha jina."

"Basi tutakwenda kuusikiliza. Watu wengi wanasifiwa wakiwa wameshafunikwa udongo, hawasikii chochote. Mimi nimepata bahati, wewe unataka kuiharibu."

Jumamosi Kaltumi alivaa gurbaba yake nzuri, lile vazi refu la akina mama wa Kinubi, akaongeza miwani ya jua ya Lailah iliyomfanya afanane na mke wa balozi. Waliketi safu ya nyuma kabisa ya hema la mkutano, pale pale uwanjani, kwenye viti vya plastiki, karibu na mama mmoja muuza mboga aliyejitambulisha kuwa ni Nangila na ambaye, bila kuulizwa, alianza kuwapa habari zote.

"Mnamwona yule mwenye tai? Oyugi, mwenyekiti. Ana duka la mabomba. Mjaluo wa Kenya, lakini ameshaishi hapa mpaka amekuwa wetu. Na yule aliyenuna pale mbele ni Adero. Mwanawe Travis anacheza mpira ng'ambo, kwenye kisiwa fulani, kila mtu analitaja jina lake tofauti. Adero alitaka uwanja uitwe Travis. Wengine wakakataa. Ilikuwa karibu tushikane mashati. Ndipo Oyugi akaleta sheria: uwanja utapewa jina la mwanamichezo aliyekufa tu. Wakampata huyu marehemu. Adero akanyamaza. Utashindana vipi na maiti?"

"Kweli," alisema Kaltumi. "Maiti ana nguvu."

Oyugi alisimama, akakohoa, akafungua karatasi. Alisoma kwa Kiswahili kilichonyooshwa kama shati la kanisani. Marehemu Kartumi, alisema, alikuwa mrefu kama nguzo ya umeme. Kaltumi, ambaye miguu yake haikufika chini vizuri kwenye kile kiti, aliinua nyusi. Marehemu alikuwa mpole, mwenye haya, na hakuna aliyewahi kumsikia akipandisha sauti. Hapo Lailah alipatwa na kikohozi kikubwa, akajifunika uso kwa mtandio, mabega yakimtikisika. Mama yake alimfinya paja.

"Na sasa," alisema Oyugi, "namkaribisha shahidi wetu, Mzee Masinde, aliyeshuhudia kwa macho yake."

Mzee mmoja alisimama, mgongo umenyooka kama wa askari aliyestaafu juzi, ingawa alikuwa na zaidi ya miaka sabini. Kaltumi alishtuka. Alikuwa Masinde, Mgisu wa timu ya polisi, ambaye siku zile kazi yake ilikuwa kushika futi na kupima. Mvi zimejaa, lakini ni yeye.

"Mimi nilishika futi kwa mikono hii," alisema Masinde, akaionyesha mikono yenyewe. "Hapa hapa. Msichana alikimbia, akarusha, mkuki ukapaa. Tukadhani umepotea. Nikapima, nikarudia. Mita sabini!"

Watu wakapiga makofi. Mtu mmoja akapuliza filimbi. Kaltumi alikuwa ameapa kwamba atakaa kimya mpaka mwisho. Alikuwa amevumilia kuuawa, amevumilia ile R, amevumilia hata kuitwa mpole. Lakini mita sabini zilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Akajikuta amesimama.

"Arobaini na tisa na sentimita sitini!"

Makofi yakakatika. Oyugi alimtazama kwa adabu ya mwenyekiti anayekatizwa.

"Mama, tafadhali. Mzee alikuwepo."

"Hata mimi nilikuwepo."

"Ulikuwa umesimama wapi?"

"Nyuma ya mkuki," alisema Kaltumi, akavua miwani ya jua.

Masinde akaanza kutembea kati ya viti, polepole, akimtazama kama mtu anayesoma maandishi madogo. Akasimama mbele yake.

"Kaltumi?"

"Masinde."

"Lakini nilikuzika! Nilikuja mazishini. Nilisimama mbali, kwa kuwa mimi si Mwislamu, sikujua kama naruhusiwa. Nililia mpaka nikakosa basi."

"Ulimlilia Kaltumi gani, wewe?"

"Kaltumi wa kambi ya Naguru!"

"Wa safu ipi ya nyumba?"

Masinde alifikiri. "Ya pili."

"Sisi tulikaa safu ya nne. Yule wa safu ya pili alikuwa Kaltumi muuza maandazi, Mungu amrehemu. Na umri wake ulikuwa sawa na wa bibi yangu!"

Hema lilipasuka kwa kicheko. Nangila alicheka mpaka kapu lake la nyanya likapinduka. Masinde hakucheka. Aliketi kwenye kiti cha karibu, ambacho hakikuwa chake, akafunika uso kwa mikono ile ile iliyoshika futi.

"Na mita sabini?" aliuliza Kaltumi, sasa kwa sauti ya chini. "Wewe mwenyewe ulipima. Ulirudia mara mbili."

"Mwanzoni nilisema arobaini na tisa," Masinde alijibu. "Miaka ikapita. Kila nikisimulia naona hazitoshi. Msichana mzima ameondoka duniani, halafu niseme arobaini na tisa tu? Nikaongeza kidogo kidogo. Marehemu hawezi kuja kupinga."

Kaltumi alitaka kumgombeza, akaghairi. Miaka yote hiyo yeye mwenyewe hakuwahi kumsimulia mtu, hata Lailah alijua nusu nusu tu, kumbe kilima cha pili kutoka dukani kwake kulikuwa na mtu anayemrusha mbali zaidi kila mwaka. Alimgusa begani. "Basi, mzee. Basi."

Lakini Adero alikuwa tayari amesimama, kidole juu.

"Mwenyekiti! Huyu mama yuko hai!"

"Tunaona, Mama Travis," alisema Oyugi.

"Sheria inasema aliyekufa. Kama uwanja unapewa mtu aliye hai, hata Travis yuko hai. Jana tu nimeongea naye!"

Ukazuka mzozo. Wengine walisema jina limeshaandikwa, wengine walisema sheria ni sheria. Oyugi alipekua karatasi zake kana kwamba ndani yake kulikuwa na kifungu kuhusu marehemu wanaorudi. Kaltumi alisimama katikati, na kwa mara ya kwanza katika miaka yake sitini na moja akaona haya kwa kuwa anapumua. Mjumbe mmoja, kwa nia njema kabisa, alipendekeza kamati isubiri.

"Isubiri nini?" aliuliza Kaltumi.

Mjumbe akaketi.

"Huyu Travis mwenyewe amesema nini?" Kaltumi aliendelea, akimgeukia Adero. "Mmemuuliza, mama?"

Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Basi wakampigia hapo hapo, Oyugi akaisogeza simu kwenye kipaza sauti, na kijana akasikika kutoka kisiwani, nyuma yake vyombo vinagongana.

"Travis mwanangu," alisema Adero, "waambie hawa watu kwamba unataka uwanja uitwe jina lako."

"Mama, tangu msimu uanze nimecheza dakika kumi na nane."

"Ni dakika nzuri!"

"Mama, tafadhali. Watu wataandika vichekesho. Huyo mwingine alifanya nini?"

Wakamweleza. Walipofika kwenye arobaini na tisa na sentimita sitini, Travis alipiga mluzi. "Kutoka golini mpaka mstari wa katikati? Kwa mkono? Mpeni, jamani! Mimi nipeni nikifunga hata bao moja."

Adero alikata simu. Alikuwa na machozi, ila ya mtu ambaye hajaamua kama amekasirika. Kaltumi alimwendea, wakanong'ona kwa muda, na watu waliokuwa karibu walisikia tu Kaltumi akisema, "Amekulia wapi mtoto huyu? Maana amelelewa." Adero akapangusa macho.

Oyugi aliitisha kura ya kuifuta ile sheria. Mikono ikanyanyuliwa. Mkono wa Adero ulipanda wa mwisho, tena kwa masharti: goli la upande wa Naguru lipakwe rangi mpya na liitwe Goli la Travis. Ikapita bila kupingwa.

Kazi ikabaki kwa Latif, mchoraji wa vibao. Alikuja Kisenyi siku ya Jumatatu, kibao kikiwa kimefungwa nyuma ya bodaboda, akakisimamisha mbele ya duka ili mwenye jina akikague. R ilikuwa imekwisha kuwa L. Shida ilikuwa neno MAREHEMU. Alilifuta, na sasa katikati ya kibao kulikuwa na nafasi pana nyeupe, kama pengo la jino.

"Niandike Hajati?" aliuliza Latif.

"Sijahiji bado."

"Mheshimiwa?"

"Usinitie kwenye siasa. Andika kipimo."

Siku ya kukizindua kibao Kaltumi alifika na Lailah, Yasiin na nusu ya mafundi wa gereji, waliofunga kazi bila ruhusa ya mtu. Oyugi alisoma wasifu upya, mfupi, na alipofika kwenye tabia za mheshimiwa mrusha mkuki, alisema tu kwamba sauti yake inasikika vizuri. Watu walimwomba Kaltumi arushe. Alikataa katakata, bega lake la kulia lilikuwa limebeba springi miaka mingi mno. Badala yake aliuliza kama kuna msichana yeyote anayetaka kujifunza.

Walijitokeza watatu. Mmoja, Ayot, alikuwa na miaka kumi na minne, mikono mirefu, na alishika mwanzi waliompa badala ya mkuki kama mtu anayefukuza mbuzi. Kaltumi aliacha pochi mikononi mwa Lailah, akapandisha gurbaba kidogo, akaingia uwanjani.

Sasa kila Jumapili baada ya saa kumi anapanda bodaboda kutoka Kisenyi. Masinde huwa ameshafika, na futi yake, na daftari ambalo Kaltumi hulikagua kabla hajaondoka. Mama Adero huwaletea chai na hukaa upande wa Goli la Travis. Wiki iliyopita Ayot alirusha mita kumi na tisa, akaruka ruka kwa furaha, akakimbilia kwa mwalimu wake.

"Umeona, Mama?"

"Nimeona mguu wako wa kushoto," alisema Kaltumi. "Unauweka kama unaogopa kukanyaga matope. Rudi. Tena."