Kiu ya Sijali

Chafya ya mbwa huchekesha, lakini msimu ule sisi tuliichukia. Wazungu walikuwa bado hawajajenga boma mtoni. Tana ilikuwa imefurika ikarudi, ikatuachia kwetu Kinakomba tope lenye harufu nzito, na mahindi yalikuwa yameanza kukomaa. Ngedere na ngiri nao walikwisha kuyaona. Aliyewazuia ni mbwa wetu Sijali. Baba alimpa jina hilo kumjibu jirani aliyesema Mwislamu hafugi mbwa. Ndani haingii, na akikulamba unajisugua kwa udongo mpaka ngozi ikuwashe. Lakini chakula chetu kilikuwa mikononi mwake. Basi alipoanza kupiga chafya, damu ikimchuruzika puani, akaacha kubweka, ngedere walishuka mchana kweupe, wakala nusu na kutupa nusu, bila haya.

Mama alimtunza kama alivyozoea. Alimtoa kupe masikioni, akampaka mafuta ya mbarika kwenye mikwaruzo, akamnywesha uji mwepesi. Wapi! Damu haikukoma. Jirani akasema ugonjwa huo utatuingia sisi, afadhali mbwa atupiwe mamba. Baba alimwomba asubiri kidogo. Mimi nilizunguka ua mzima nisijue pa kukaa.

Ndipo akaja Hawo, mama wa Kiorma aliyekuwa akibadilishana maziwa na Mama kwa mahindi. Alimtazama Sijali pua, akauliza hunywa wapi. Tukamwambia vidimbwini, maana mtoni kuna mamba. Akasema basi ameingiwa na ruba, yule mdudu mnyonya damu. Huwaingia sana ng'ombe wao.

“Maji asipewe mpaka kesho,” akamwambia Mama. “Ruba naye ataona kiu. Akisikia maji, atatoka mwenyewe, mimi nitamshika.”

Tukamfunga kivulini. Subira huvuta heri, husema wasio na mbwa anayelia. Nilikaa, nikasimama, nikaenda nyuma ya nyumba nikaziba masikio, nikarudi, bado analia. Mama akanishika mkono asije akaniona na kata ya maji. Jioni Baba akarudi kutoka shamba, naye hakuna aliyemwambia kitu. Mwalimu wake wa dini alikuwa amemsimulia habari za mtu aliyesamehewa dhambi kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu. Kabla hatujamwahi, Sijali alikwisha kunywa kata nzima, na ruba yumo palepale.

Mama akamfokea. Baba akajibu taratibu, “Ningempitaje kiumbe mwenye kiu?”

Hawo alipofika asubuhi hakumlaumu, alisema tu tuanze upya. Safari hii Sijali hakulia hata kidogo, na kimya kile kilinitisha kuliko kilio. Nilikuwa nikimwendea kila mara kuangalia kama mbavu zinapanda.

Kesho yake Baba mwenyewe ndiye aliyemshika kichwa. Hawo akapaka vidole majivu, akaweka bakuli la maji safi chini ya pua. Kitu cheusi kikachungulia, kikarudi, kikatoka tena kirefu zaidi. Akakidaka, akakivuta chote, akakitupa motoni. Kisha akamsogezea Baba bakuli. “Sasa mpe,” akasema. Baba akamnywesha huku machozi yanamtoka, wala hakuyaficha. Mahindi yaliyobaki tuliyala sisi.

Siku hizi naishi Garsen kwa mwanangu. Serikali ina mabwana mifugo, wana sindano na dawa za chupa, na ng'ombe wa watu wanapona, nashukuru. Lakini mwaka huu ng'ombe wa Waorma walikanyaga shamba letu wakienda mtoni, na wajukuu zangu wakachukua mikuki. Nikasimama mlangoni, mzee mzima, nikawasimulia haya niliyowasimulia ninyi. Mmoja aliweka mkuki chini. Wengine walinipita.