Masomo ya Kurudi Nyuma

Mke wangu aliondoka kwenda Dar es Salaam kumwogesha mjukuu. Alisema miezi mitatu. Binti yetu alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza, na kwetu Marangu mama ndiye anayekwenda kukaa na bintiye. Miezi mitatu ikawa mwaka, akazaliwa mtoto wa pili, msichana wa kazi akaacha, na kufikia mwaka wa tatu nikawa nimeacha kuuliza.

Mimi nilikuwa nimestaafu ualimu wa shule ya msingi mwaka ule ule alioondoka. Nilibaki na kihamba, yaani shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba, na ng'ombe mmoja wa maziwa. Asubuhi nilikamua, nikapeleka maziwa barabarani, nikarudi. Kuna siku jua lilizama nikagundua kwamba sauti yangu mwenyewe sijaisikia tangu nilipomsalimia mpokea maziwa. Nilijifunza kupika mtori, supu yetu ya ndizi, wa mtu mmoja. Si kazi ndogo, maana sufuria zetu zote zilinunuliwa enzi za watu wengi.

Desemba moja walikuja wote kula Krismasi, kama Wachagga wa mjini wanavyofanya. Walikuja na magari mawili. Mkwe wangu alikuwa amenunua jipya, na lile la zamani, dogo, la rangi ya fedha, wakaniachia.

"Baba, hili ni oto," binti yangu alinieleza. "Halina klachi. Unaweka D, linakwenda."

Januari waliondoka, na mke wangu akaondoka nao, amempakata mdogo kwenye kiti cha nyuma. Alinipungia mkono kupitia kioo, kisha akainama kumfunika mtoto.

Gari lilikaa chini ya migomba hadi kuku wakalizoea. Ndipo nikapata wazo ambalo sikumwambia mtu. Nilifikiri kwamba mtu akijua anapokelewa stendi na gari la nyumbani, atakuja mara nyingi zaidi. Nikakata leseni ya kujifunzia, dereva wa jirani akanishushia gari hadi Pasua, mjini Moshi, kwa mzee mmoja aliyewahi kuendesha mabasi ya mikoani na sasa alikuwa anafundisha watu, mmoja mmoja.

Mzee huyo alikuwa Mwislamu wa pale mjini, amenizidi kama miaka kumi, na mkewe alikuwa amefariki. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akaniuliza kazi yangu. Nilipomwambia, akasema basi yeye ataniita Mwalimu, kwa sababu jina hilo halistahili kustaafu.

Tulijifunzia Mabogini, kwenye barabara za vumbi katikati ya majaruba ya mpunga, ambako ukikosea unamtisha yangeyange tu. Alinifundisha kwamba gari la oto ukiachia breki linaanza kutambaa lenyewe, hivyo mguu usitoke kwenye breki kabla akili haijafika. Mguu wa kulia ndio unaofanya kazi zote mbili, mafuta na breki. Wa kushoto haugusi kitu. Siku ya kwanza niliusahau, nikakanyaga breki kwa miguu yote miwili, na kofia yake ikaruka ikagonga kioo cha mbele. Akaiokota, akaipangusa kwa kiganja, akaivaa.

"Tena," akasema.

Gari lilibaki kwake, nami nilishuka kwa basi Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Mafunzo yalichukua saa moja, lakini tukimaliza tulikaa barazani kwake tukinywa chai ya tangawizi, akinisimulia jinsi milima ya barabara ya Tanga ilivyokuwa zamani. Siku zile tatu niliamka mapema bila kuamshwa na ng'ombe. Nilipiga pasi shati.

Wiki ya tatu nilikuwa naendesha vizuri. Hata kurudi nyuma niliweza: unaweka R, unageuza shingo, unaliachia gari lijivute taratibu. Niliweza, lakini nikasema sijaweza. Nilipinda usukani makusudi, gari likaenda upande, nikamwambia mzee kwamba mambo ya vioo yananichanganya. Akasema haina shida, tutarudia Jumatano. Jumatano nikapinda tena. Tulirudia hivyo kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Maisha yangu yote nimewaadhibu watoto waliojifanya hawajui hesabu ili wasiitwe ubaoni, na sasa mimi mtu mzima nilikuwa nadanganya ili niendelee kuitwa.

Ijumaa moja, baada ya kupinda tena, aliniambia nizime gari. Wanawake walikuwa wanapandikiza mpunga upande wa kulia, wameinama mstari mmoja, wanaongea. Tukawatazama kidogo.

"Mwalimu," akasema, "kurudi nyuma ulishajua siku nyingi."

Nilisema ndiyo.

"Mimi niliona," akasema. "Nikanyamaza. Chai ya peke yangu siipendi." Akafungua mlango, akatema mate nje, akaufunga. "Lakini si vizuri. Mtu akishajua gari, apewe njia yake."

Somo la mwisho alilifanyia kwetu, kwenye mteremko wa kutoka Marangu kwenda Himo. Alinionya kwamba dereva wa oto akishikilia breki kuanzia juu hadi chini ataiunguza, kisha ataitafuta asiipate. Akanionyesha kuteremsha mkono wa gia kutoka D hadi L, gia nzito ya mteremko, na gari likanguruma, likajizuia lenyewe. Tukateremka namna hiyo. Himo alishuka, akanipa mkono, akasimamisha gari la abiria la kumrudisha Moshi. Nilijitolea kumpeleka mwenyewe, akakataa.

Wiki mbili baadaye nilipata leseni. Nilikwenda Pasua kumwonyesha. Nikamkuta barabarani, ameketi ndani ya gari jingine pembeni ya msichana aliyekuwa ameushikilia usukani kwa nguvu. Nilipiga honi. Mzee aliinua mkono bila kugeuka, kwa sababu macho yake yalikuwa kwenye njia ya mwanafunzi wake. Sikusimama.

Mke wangu nilimwambia kwa simu. Alifurahi, akasema nisiende kasi. Nilipomuuliza anakuja lini, akasema mkubwa ameanza chekechea na hataki kupelekwa na mtu mwingine.

Alikuja mwezi wa sita, kwa msiba wa shangazi yake, akakaa siku mbili. Nililiosha gari, nikampokea stendi Moshi. Alizunguka kulitazama, akaingia, akashika kile kishikio cha juu ya mlango na hakukiachia hadi nyumbani. Njia nzima alizungumza kwenye simu na mtoto, akimwimbia ale. Tulipopita Himo aliondoa simu sikioni kidogo.

"Kumbe unaendesha vizuri, Babu," akasema. Tangu apate wajukuu ameacha kuniita Baba fulani, kwa jina la binti yetu.

Nilitaka kumweleza habari za L na D, na za Mabogini. Akairudisha simu sikioni.

Siku ya kuondoka tulishuka alfajiri. Stendi aliniuliza kwa nini nisihamie Dar. Chumba kipo, ng'ombe anauzwa. Hakuniuliza kwa ubaya. Nikasema nitafikiri. Akanirekebisha ukosi wa shati, akapanda basi, akakaa upande ambao sikuweza kumwona.

Nilirudi polepole. Karibu na Himo askari wa usalama barabarani alinisimamisha. Alikuwa kijana wa kike, akaniamkia shikamoo, akaomba leseni. Aliitazama akaona ni mpya, akanitazama nywele. Kisha akainama akachungulia kiti cha pembeni na cha nyuma.

"Mzee, uko peke yako?"

"Niko peke yangu."

Akanirudishia leseni, akanitakia safari njema. Niliweka D, nikaachia breki, na gari likaanza kutambaa kuelekea mlimani.