Chupa Mbili za Mzee Sedekia

Mzee Sedekia hakumwamini mtu anayechungulia maji kama vile amedondosha pete ndani yake. Na Gleb, Mrusi wa Rujewa, alikuwa akichungulia maji tangu mwaka 1988, alipokuja Mbeya kufundisha kemia. Kwao alisomea jinsi umeme unavyopita kwenye maji ya chumvi. Nchi yake iliposambaratika hakurudi; alimwoa Apolonia, akazeekea hapa hapa.

"Nani anaacha kwao kwa ajili ya maji?" Sedekia alizoea kusema. "Huyu anatafuta madini."

Lakini mwaka huu mpunga wake ulikauka ncha, na udongo ukaota weupe kama unga. Lilikuwa jaruba lake la mwisho. Mengine wanawe walishayauza. Hilo likifa, hana chakula. Basi akajaza chupa mbili, akaenda kwa Mrusi.

"Kamwene, Mzee Gleb. Hii ya kisima changu. Hii ya jirani yangu, Anord."

Zote alizijaza kisimani kwake. Mwongo angetoa majibu mawili.

Gleb alitumbukiza kipimo, akakisuuza, akatumbukiza kwenye chupa ya pili. Akavua miwani. "Wewe na Anord mnachota kwenye kisima kimoja?"

Apolonia alicheka hadi akaweka ungo chini. "Amekunasa, shemeji!"

Sedekia hakucheka. "Haya, sema kinachoua mpunga."

"Chumvi. Kisimani ni kidogo tu, ila shambani inarundikana. Maji yakishamaliza kazi shambani, yanatoka kupitia wapi?"

Sedekia aliukumbuka mtaro wake wa kutolea maji. Enzi za baba yake, maji yaliyokwisha kutumika yaliachwa yashuke bondeni, na hakuna aliyeuliza yanapita kwa nani. Siku hizi hata mtaro una mwenyewe. Ule wake ulipita kando ya shamba la Anord, naye alihisi Anord anamwibia maji. Akauziba. Mwaka wa tatu huu.

"Nimeuziba," alisema.

"Zibua. Jaza jaruba maji ya mfereji, yaache yatoke na chumvi. Mara tatu."

"Na wewe unapata nini?"

"Ukivuna, utatupikia wali."

Jioni Anord alimkuta na jembe mpakani. "Mzee, leo umenihurumia, unaniletea maji?"

"Sijakuhurumia. Kaa mbali na mtaro."

Maji yakatoka. Sedekia akachovya kidole, akalamba, akatema chumvi. Kisha akaketi kwenye tuta, akiyalinda kwa macho mpaka yalipolipita shamba la Anord.