Sababu ya Kuja: Kazi

Nilikuwa nashona kola. Katika kiwanda chetu cha mashati, pale Industrial Area, kila mshonaji alikuwa na kipande chake, na changu kilikuwa kola, sehemu ambayo ukiikosea kidogo tu shati zima linaonekana limeshonwa na mlevi. Nilikuwa nimeifanya kazi hiyo miaka minne. Nasema bila kujigamba, au basi nikijigamba kidogo, kwamba katika mstari wetu hakukuwa na aliyenizidi. Supavaiza alipotaka kumwonyesha mgeni jinsi kola inavyopaswa kukaa, alichukua yangu.

Hiyo ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sabini. Mimi na mume wangu tuliishi katika landhi za Muthurwa, zile nyumba za chumba kimoja za wafanyakazi wa reli. Yeye alikuwa fundi kwenye karakana ya reli. Asubuhi tulitoka pamoja, tukaagana kwenye bomba la maji, kisha mimi nikashika njia ya kiwandani kwa miguu.

Kiwandani kulikuwa na jambo ambalo wanawake wote walilijua na hakuna aliyelisema kwa sauti. Ukishika mimba, kazi imekwisha. Hakuna aliyekufukuza. Uliitwa ofisini Ijumaa jioni, meneja wa wafanyakazi akakupa barua iliyokwisha kupigwa taipu kwa Kiingereza, akakuonyesha kwa ncha ya kalamu mahali pa kutia sahihi, na Jumatatu mashine yako ilikuwa na mtu mwingine. Kwa hiyo wanawake walijificha. Walijifunga leso tumboni, wakaazima makoti ya kazi ya watu wanene, wakakataa hata kuinama kuokota kidonge cha uzi kilichoanguka.

Mimi nilijifunga leso wiki moja tu. Asubuhi moja nilikuwa nakaza fundo mtoto akacheza, mara ya kwanza kabisa, teke dogo chini ya kidole changu. Nikaona haya. Nikaifungua leso, nikaikunja, nikaenda kazini na tumbo langu kama lilivyo.

Tulikuwa na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi pale kiwandani, mkata vitambaa mmoja mrefu, Mjaluo aliyekuwa akiishi mtaa wa Jericho, ambaye wakati wa chakula alipenda kutusomea makaratasi. Ni yeye aliyetusomea kwamba sheria mpya ya ajira inampa mwanamke miezi miwili ya kujifungua, ingawa akiichukua anapoteza likizo yake ya mwaka huo. Wanawake walicheka. "Hiyo ni ya wanawake wa maofisini," mmoja akasema, na wengine wakakubali. Mimi sikucheka. Nilimwomba ile karatasi nikaisoma mwenyewe. Nilikuwa nimefika kidato cha pili kabla karo haijanishinda, na Kiingereza cha kusoma nilikuwa nacho. Hakuna mahali palipoandikwa maofisini.

Niliitwa Ijumaa ya mwezi wangu wa sita.

Meneja wa wafanyakazi alikuwa mtu wa adabu. Alinikaribisha kiti, akaniuliza hali ya nyumbani, akanisukumia barua mezani. "Ni kawaida tu," akasema. "Weka sahihi hapa, mama, uende ukapumzike."

Nikaisoma. Ilisema naacha kazi kwa hiari yangu mwenyewe kwa sababu za kifamilia. Nikaisoma mara ya pili, polepole, kwa sababu nilitaka aone kwamba nasoma.

"Hii inasema nimeacha kazi," nikamwambia. "Mimi sijaacha."

"Ni maneno tu ya barua."

"Kama unanifukuza, andika kwamba umenifukuza kwa sababu nina mimba. Hiyo nitaweka sahihi sasa hivi."

Alifunika kalamu yake. Kisha akaichukua barua, akaifungia kwenye droo, na adabu yote ikamwisha usoni. "Jumatatu usije," akasema. "Geti halitakufungukia."

Nilitoka pale, na moyoni, sijui niseme vipi, nilikuwa mtulivu. Nilimkuta mkata vitambaa akifagia meza yake, nikamweleza. Aliacha kufagia.

"Hawajakupa barua yoyote?"

"Hakuna."

"Basi sikiliza. Watangoja siku chache, halafu watasema umetoroka kazi. Ukikaa nyumbani hata siku moja utakuwa umewasaidia. Wewe njoo kila asubuhi kama kawaida. Mimi naandika barua ya chama leo."

Jumatatu nikaja. Mlinzi wa geti letu alikuwa mzee wa kwetu Ukambani, mtu mkimya aliyevaa kofia yake ya kazi kama askari wa gwaride. Mezani pake kulikuwa na kitabu kikubwa chenye jalada jeusi, na humo aliandika kila mtu aliyefika nje ya saa za king'ora: jina, saa ya kufika, sababu ya kuja, saa ya kuondoka. Aliandika kwa herufi kubwa, polepole, kana kwamba anachonga.

Aliponiona alisimama katikati ya njia. "Mwaitu," akasema, akiniita mama kwa lugha yetu, "nimepewa amri. Siwezi kukuruhusu."

"Sitaki kuingia, baba. Nataka uniandike."

"Nikuandike nini?"

"Kwamba nimekuja kazini nikazuiwa."

Akafungua kitabu, akapitisha kidole juu ya mistari. "Hapa hakuna nafasi ya kuzuiwa. Kuna nafasi ya sababu ya kuja."

"Basi andika sababu. Kazi."

Alifikiri. Nilidhani angekataa, na nisingemlaumu. Kisha akalowesha kidole, akafungua ukurasa mpya, akaandika jina langu lote, saa moja na nusu, KAZI. Kwenye nafasi ya saa ya kuondoka akaandika: HAKURUHUSIWA. Akageuza kitabu nikione.

Nilikuja Jumanne. Nilikuja Jumatano. Wiki ikapita, ya pili ikaingia. Nilivaa koti langu la kazi, lililofuliwa na kunyooshwa, na mkasi wangu mdogo ulikuwa mfukoni. Wenzangu walinipita getini. Wengine walinisalimia bila kufungua midomo, kwa nyusi tu. Wengine waligeuza shingo. Yule aliyekuwa jirani yangu wa mashine alinong'ona akipita, "Si ukae nyumbani dada, unatuletea macho," na hilo liliniuma kuliko maneno yote ya meneja, kwa kuwa yeye mwenyewe wakati ule alikuwa na mimba ya miezi minne chini ya koti la kuazima, na mimi ndiye niliyemwazima.

Siku ya mvua mzee wa geti aliniwekea kasha la mbao nikae chini ya kibaraza chake. Meneja alipita ndani ya gari lake, akateremsha kioo. "Bado uko hapa?"

"Bado nafanya kazi hapa," nikajibu.

Nyumbani mambo hayakuwa mepesi. Mume wangu hakuwa mtu mbaya, lakini aliogopa. Jioni moja alisukuma sahani yake kando. "Watu wa landhi wanakuona unatoka asubuhi na kurudi saa tatu, kama mtu aliyesahau kitu. Wananiuliza. Nawaambia nini?"

"Waambie nimeenda kazini."

"Utajifungua, utapumzika, utapata kiwanda kingine. Kwani kiwanda ni kimoja tu?"

"Na huko kwingine nikishika mimba ya pili?"

Aliinuka akaenda kulala, akageukia ukuta. Nilizima taa. Lakini asubuhi niliyoitwa, kwa ile barua ya chama, kwenye ofisi ya leba, ile ya serikali inayosikiliza kesi za wafanyakazi, nilipotoka kuoga, nilimkuta ametia makaa kwenye pasi na ananyoosha gauni langu la bluu, la kanisani, mikunjo ya mabega kwanza, kwa uangalifu wa fundi anayeshika chuma cha moto. "Usiende umevaa koti la kazi," akasema bila kuinua kichwa. "Leo wakuone vizuri."

Afisa wa leba alikuwa kijana kuliko nilivyotarajia, amevaa miwani, na meza yake imejaa mafaili hadi pembeni. Tulikaa watatu mbele yake: mimi, mkata vitambaa na meneja. Meneja alifungua mkoba akatoa nakala ya barua niliyokuwa sijawahi kuiona, ikisema nimeacha kufika kazini bila ruhusa, na kwa hiyo kampuni imelazimika kuniondoa.

"Hakufika tangu Jumatatu ile," akasema. "Tumesubiri. Hatukuwa na njia."

Afisa akanigeukia. "Mama, ulifika?"

"Kila siku. Nimeandikwa getini."

"Getini huandikwa wageni," meneja akasema haraka. "Si kitabu cha wafanyakazi."

"Tukione," akasema afisa.

"Sidhani kama kipo. Vikijaa hutupwa."

Afisa alivua miwani, akaifuta kwa tai. "Kiwanda kiko mbali?"

Hakikuwa mbali. Alichukua kofia yake, na nusu saa baadaye tulikuwa tumesimama wote wanne pale getini, juani, mashine zikinguruma ndani. Afisa akamsalimia mzee kwa heshima, akamwomba kitabu. Mzee akamtazama meneja. Meneja akatazama ukuta. Nilijua anachopima yule mzee. Alikuwa na watoto shuleni kule Machakos na mwaka mmoja tu kabla ya kustaafu.

"Kitabu ni cha kampuni," akasema taratibu. "Lakini mwandiko ni wangu, na sijaandika uongo." Akakichukua kwa mikono miwili, akampa afisa.

Afisa alisoma kwa sauti. Jina langu, saa moja na nusu, kazi, hakuruhusiwa. Akafungua ukurasa. Jina langu, saa moja na nusu, kazi, hakuruhusiwa. Aliendelea hivyo ukurasa baada ya ukurasa, na hakuruka hata siku moja. Huko ndani mtu fulani alikuwa amesimama dirishani, kisha wakawa wawili, kisha dirisha likajaa vitambaa vya kichwa. Supavaiza alipiga kelele warudi kwenye mashine. Hawakurudi mara moja.

"Mtu aliyetoroka kazi," afisa akasema akifunga kitabu, "hajiandikishi kila asubuhi. Na mtu mwenye mimba hafukuzwi kwa sababu ya mimba. Mnataka tumalize hapa, au mnataka chama kipeleke jambo hili mahakama ya migogoro ya kazi, kitabu hiki kikasomwe huko?"

Walimaliza hapo, bila mahakama. Haikuwa siku ile ile; ilichukua barua mbili zaidi na kikao kingine, na meneja alijaribu kunirudisha kwenye idara ya kufunga mashati, ambako mtu anasimama kutwa nzima. Mkata vitambaa akakataa. "Aliondolewa kwenye kola, atarudi kwenye kola." Nikarudi kwenye kola. Mshonaji waliyemweka pale kwa muda alikuwa ameiharibu mashine yangu, sindano inaruka mishono, na nilitumia asubuhi nzima kuirekebisha nikilalamika kwa furaha.

Sitaki kurembesha mambo hapa. Mwezi huo huo mzee wa geti alihamishiwa zamu ya usiku, bila sababu kutajwa. Nilimsubiri jioni alipokuwa anaingia, nikamwambia naona ni mimi niliyemletea hayo. Alirekebisha kofia yake.

"Usiku hakuna watu wengi wa kuandika," akasema. "Mkono utapumzika."

Nikamwambia nitaomba chama kimtetee naye. Akakataa, akasema anataka kumaliza mwaka wake kwa amani. Alistaafu akiwa bado zamu ya usiku. Hilo hatukulishinda, na sijawahi kulihesabu kama dogo.

Binti yangu alizaliwa hospitali ya Pumwani asubuhi ya Jumapili. Nilikaa naye miezi miwili kamili, nikapoteza likizo yangu ya mwaka kama sheria ilivyosema, kisha nikamwachia jirani wa landhi nikarudi kwenye mashine, maziwa yakinilowesha kifua kila ilipofika saa nne. Mwaka uliofuata mkata vitambaa alipata kazi ya chama mjini, na wafanyakazi wakanichagua mimi kushika nafasi yake. Meneja yuleyule ndiye aliyelazimika kunipa kiti kila tulipokaa kwenye kikao, na lazima niseme, adabu yake ilirudi yote.

Yule jirani yangu wa mashine, mwenye koti langu, alijifungua likizo yangu ilipokuwa inakaribia kwisha. Nilikuwa nimemwambia asifiche tena. Hakuniamini. Aliendelea kujifunga leso mpaka siku ya mwisho, akajifungua salama, lakini hakurudi kiwandani. Nilikwenda kumtafuta kwao Kaloleni, nikamwambia nafasi yake ipo, ni haki yake, aje tu. Alinikaribisha chai, akanionyesha mtoto, akasema ameshazoea kukaa nyumbani. Sikujua kama ni kweli. Nilimwachia jina la afisa wa leba kwenye kipande cha karatasi.

Lakini mimba yake ya pili ilimkuta amerudi kazini, kwenye idara ya vifungo. Siku moja nilikuwa nimesimama ofisini nikingoja faili, yeye akaingia bila kuniona. Alikwenda moja kwa moja kwenye dirisha la karani, tumbo mbele, koti lake mwenyewe halifungiki.

"Nataka fomu ya likizo ya kujifungua," akasema.

Karani hakuinua hata macho. Alivuta droo, akatoa fomu, akauliza, "Kuanzia lini?"