Mlinzi wa Kituo cha Pili

Wiki iliyopita, tulipotoka kumzika jirani yetu wa zamani, nilimwomba mjukuu wangu tusirudi moja kwa moja nyumbani Sundbyberg, hapa Uswidi. Tukapanda treni mpaka Hallunda, tukaenda nyuma ya jengo tulilokaa miaka ile. Uwanja wa majani haupo tena. Wamejenga nyumba, nzuri tu, zenye roshani za vioo. Simlaumu mtu, watu wanahitaji pa kulala. Lakini miguu yangu ilikuwa ikitafuta majani.

Utanisamehe, rafiki, nikiiita miaka ile utoto wangu. Nilikuwa na mvi tayari. Lakini anayefika nchi ngeni bila lugha huzaliwa upya, apende asipende. Utoto wangu wa kwanza ulikuwa Uvira, Kongo, kando ya ziwa. Wa pili ulikuwa Hallunda, miaka ya elfu mbili. Katika shule ya Kiswidi mwalimu, binti wa umri wa wanangu, alituimbisha siku za wiki. Akinionyesha picha ya tufaha, nililitaja jina lake kwa sauti, na aliponisifu nilifurahi siku nzima. Jioni, tukila, mjukuu wangu alinisahihisha: "Nej, siyo hivyo, Babu. Mdomo uwe hivi." Nami nilifanya mdomo uwe hivyo.

Jirani huyo tuliyemzika alikaa dawati moja nami. Alitoka kisiwa kimoja cha Karibiani, amemfuata binti yake aliyeolewa huku. Tulizungumza Kiswidi cha watoto. Kilipotuishia, mimi nilitia Kifaransa, yeye Kihispania, mikono ikamalizia. Mlango wake ulitazamana na wetu. Mke wangu alipopika sombe, majani ya muhogo, kwa mawese, harufu ilivuka ngazi, na jirani akatokea na birika la kahawa nyeusi, kama mtu aliyealikwa. Na kweli, kwa harufu ile alikuwa amealikwa.

Ukutani kwake ilining'inia glavu ya ngozi, kavu kama samaki wa chumvi. Kwa glavu hiyo nilijua kwamba zamani alilipwa kucheza besiboli, mlinzi wa kituo cha pili. Mpira mdogo mgumu unapigwa kwa gongo, aliyepiga anakimbia kuzunguka vituo, na walinzi wanaudaka ili kumzuia. Mlinzi akiudondosha, alinieleza, kosa linaandikwa kwa jina lake, nalo halifutiki. Katika ligi ya nchi yao hakuna mlinzi wa kituo cha pili aliyecheza mechi nyingi mfululizo bila kosa kama yeye. Kisha mikono ikaanza kutetemeka kidogo, naye akaacha, rekodi yake ikiwa safi. Tangu siku hiyo hakugusa mpira.

"Nikidondosha," aliniuliza, "nitakuwa nani?"

"Utakuwa jirani yangu."

Akacheka. Lakini glavu ilibaki ukutani.

Kanisa letu la Wakongo lilikuwa na desturi yake. Jumapili za kiangazi, baada ya ibada, wamama walibeba masufuria mpaka uwanjani nyuma ya jengo letu, bugali na sombe na vile visamaki vya ndakala vya kukaanga, na tukishashiba tulicheza brännboll, mchezo wa Waswidi ambao ni ndugu mdogo wa besiboli. Mpira ukirudishwa kwenye ubao kabla mkimbiaji hajafika kwenye pembe mojawapo ya uwanja, mshika ubao hupaza sauti: ameungua! Sisi tuliutia mchezo huo chumvi yetu. Aliyeungua alianzisha wimbo wa sifa, wote tukaimba ubeti mmoja, ndipo tukaendelea. Wasiojua kuimba walikimbia kwa bidii kuliko wote.

Jirani alikuja kula tu, kisha akakaa kwenye kiti chake cha kukunja. Jumapili moja mjukuu wangu, mtoto wa miaka minane, alimshika mkono. "Babu wa kahawa, simama na sisi. Tumepungua."

Jirani alinitazama. Nilimkumbuka bibi yangu, aliyenifundisha katekisimu, akisema kwamba Mungu ana masikio ya kusikia toba, hana vidole vya kuhesabu makosa. Kiswidi changu hakikutosha kusema hayo. Nikamwambia, "Hapa hakuna anayeandika."

Akainuka. Mchezo ule hauna mlinzi wa kituo cha pili, lakini yeye alienda akasimama karibu na pembe ya pili, magoti yamekunjika kidogo, mikono mbele, kana kwamba mahali pale palikuwa pakimngoja.

Zamu ya kupiga ilikuwa ya mama mpishi wa kanisa letu. Akakaza kitenge. "Papa, ujiangalie! Mkono huu umesonga bugali ya arusi!"

Mpira ulimjia jirani ukidundadunda, mpira rahisi. Ukagusa viganja vyake, ukaanguka.

Uwanja mzima ulishangilia, kwa maana mama mpishi alikuwa anakimbia. Mimi nilimtazama jirani peke yake. Aliuangalia mpira miguuni pake kama mtu anayeangalia chungu kilichovunjika.

"Okota!" mjukuu wangu alipiga kelele. "Okota, Babu, bado anakimbia!"

Akaokota. Sikuona mpira ukiondoka mkononi mwake. Nilisikia tu ukitua mikononi mwa mshika ubao.

"Ameungua!"

Mama mpishi alisimama katikati ya njia, akihema. "Wee mzee! Kumbe ulikuwa unanitega!" Kisha akaanzisha wimbo. Jirani hakujua hata neno moja, lakini aliimba, kinywa wazi, machozi yakimtiririka mpaka kidevuni.

Kuanzia hapo alicheza kila Jumapili ya kiangazi, mpaka magoti yalipomkataa. Alidondosha mipira mingi, na aliimba nyimbo zetu vibaya sana. Leo kanisa limehamia kwingine, mama mpishi ametangulia mbele za Bwana, na wajukuu wanacheza kwenye simu. Namshukuru Mungu hata hivyo. Kisichokuwepo leo, nilipewa.

Makaburini binti yake alisimulia ile rekodi, na watu wakatikisa vichwa kwa heshima. Kisha tukafika Hallunda. Hapo mjukuu wangu alitembea kati ya nyumba mpya, akapima kwa macho, akafika penye maegesho ya baiskeli, pale pembe ya pili ilipokuwa.

"Babu," akasema, "hawakuutaja ule mpira aliodondosha."

Akasimama pale katikati ya baiskeli, magoti yamekunjika kidogo, mikono mbele.